Ngoma Niliyopiga Siku Ile Nyakiyumbu

Bwera, Ijumaa, wewe umeshalala

Mwanangu Biira,

Sanduku lako nimeliona hapo mlangoni, umelifunga kamba mara tatu utadhani linakwenda Ulaya. Kasese ni mwendo wa saa moja na kitu. Mambo ya neti, ya kuchemsha maji, ya kuchunga simu na kujihadhari na vijana wa bodaboda, shangazi yako Mbambu amekuhubiria wiki nzima na sina la kuongeza. Ninalotaka kukuambia ni jingine, na nimelikalia miaka sita. Ninaandika kwa Kiswahili makusudi. Kwa Lhukonzo, lugha yetu, ninajua maneno mengi ya kulainisha mambo, ningejikuta nimeshajitetea kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza. Kiswahili nilijifunza ukubwani, Katwe, kwa watu wa chumvi, na kule mtu alisema jambo lake akamaliza.

Jambo lenyewe ni hili, nalitaja sasa ili usisome huku unatafuta. Siku aliyouawa Baba Kavira sikuwa nyuma ya watu, kama nilivyokuambia. Nilikuwa mbele, na ngoma iliyokuwa inalia ilikuwa yangu. Kesho unakwenda kuishi kwa mjane wake na kulala chumba kimoja na Kavira rafiki yako, na yule mama anakupokea kwa mikono miwili kwa sababu anaamini kwamba baba yako alijaribu kumwokoa mume wake. Sikujaribu.

Sasa nitaanza mbali kidogo, nivumilie. Siwezi kufika pale kwa njia ya mkato, nimejaribu mara nyingi.

Ulipokuwa mdogo, wa miaka sita hivi, tulikuwa tunapenda kukaa ukingoni mwa shamba, kule chini tunakopakana na kinamasi cha mto Lhubiriha. Mvua ikikatika, vyura walikuwa wanaanza. Mmoja huku, watatu kule, fujo tupu, halafu ghafla unasikia wamekaa sawa, bonde zima linalia pamoja, linanyamaza pamoja, linalia tena. Ukaniuliza nani anawaanzishia. Nikakuambia hakuna. Ukakataa katakata. Ukasema kwaya ya kanisani ina mwalimu anayepunga mkono, kwa hiyo hata vyura lazima wawe na mwalimu wao, ila amejificha. Nilicheka mpaka marehemu mama yako akapaza sauti kutoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nilikueleza kwa jinsi nilivyoelewa mimi. Chura hana habari na bonde zima, anamsikiliza jirani yake tu. Jirani akiwahi, naye anaharakisha kidogo. Jirani akichelewa, anamngoja kidogo. Na yule jirani naye anafanya vivyo hivyo kwa jirani yake, mpaka wote wanajikuta wamefika mahali pamoja na hakuna aliyewaongoza. Nilikueleza hayo kwa majivuno, nakumbuka, kwa sababu ndivyo na sisi tulivyokuwa tunapiga muziki wetu. Nilikuwa ninajisifu kwako kupitia vyura.

Mimi mwenyewe niliyajua hayo Katwe kabla sijashika ngoma. Tulisimama watatu ndani ya maji ya chumvi, yanafika kiunoni, kila mtu na mtaimbo wake, tunabandua mawe ya chumvi kutoka chini ya ziwa. Asubuhi kila mtu alipiga kwa wakati wake. Jua likishapanda, mitaimbo mitatu ilikuwa inaanguka pamoja, hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeimba, na jiwe lililotushinda tangu asubuhi lilikuwa linaachia. Maji yale yanakula ngozi mpaka pasipotajwa, samahani, wewe unakwenda kusomea uuguzi utasikia mabaya zaidi. Lakini mitaimbo ikishakutana mtu anasahau hata maumivu yake. Niliona ni baraka. Sikujua kwamba kwa njia ile ile mtu anasahau na maumivu ya mwenzake.

Kundi letu la hapa Bwera unalikumbuka. Ngoma yangu, na wale watu wa filimbi za mwanzi tunazoziita eluma, kila mtu na yake, kila filimbi na sauti moja tu. Peke yako huna wimbo, una mlio. Wimbo unatokea pale kila mmoja anapoweka mlio wake mahali pake, na pengo kati ya mtu na mtu ni dogo kuliko kupepesa jicho. Vijana waliokuja kujifunza tuliwaambia kitu kimoja, na mimi ndiye niliyekisema kwa ukali kuliko wote: usifikiri. Ukifikiri umeshachelewa. Zamu yako ikija, mwili uingie wenyewe. Kijana aliyesitasita nilimpiga kijiti cha ngoma begani. Niliwafundisha hivyo miaka kumi na minne.

Baba Kavira, yaani Kambale, alijiunga nasi mwaka ule watu walipokuwa wanachinjwa ng'ambo, Congo, upande wa Beni. Alivuka mpaka pale Mpondwe na mkewe, na Kavira, na godoro moja. Mimi Bwambale, yeye Kambale, jina moja hilo la mtoto wa kiume wa pili, ila mpaka wa nchi unalitamka huku hivi na kule vile. Siku ya kwanza alikaa pembeni anatusikiliza, mikono katikati ya magoti, halafu akaomba filimbi moja ajaribu. Wapuliza filimbi wengi hufuata ngoma. Kambale hakuwa anafuata. Nikishusha mkono, sauti yake ilikuwa imeshafika, inaningoja. Sijawahi kupiga na mtu wa namna ile, na nilimpenda kama ndugu, hata kama sikumwambia. Unajua mimi si mtu wa kusema vitu hivyo.

Aliniambia siri moja. Mama yake mzazi alikuwa amekataa kukimbia, alibaki nyumbani kwake peke yake, na Kambale alikuwa anarudi ng'ambo kila wiki kwa njia ya mtoni kumpelekea unga na dawa. Alikuwa anaogopa watu wa hapa wasije wakamwelewa vibaya, mkimbizi anayerudi alikokimbia. Mbali na mkewe, mtu aliyejua ni mimi.

Basi. Kijana mmoja wa Nyakiyumbu, mfanyabiashara wa kahawa, aliyewahi kucheza katika kundi letu, aliuawa kule na wauaji wale wale, akarudishwa amefungwa kwenye turubai. Mama yake akatuita. Filimbi si za msibani, tulimwambia hivyo kwa heshima, akasema mwanangu alizipenda na mtazipiga. Tukaenda. Ulikuwa mchana wa jua kali. Tulitoka nyumbani kwa marehemu kwenda kaburini, mimi mbele na ngoma, filimbi nyuma yangu, na watu nyuma yao, wengi, wengi sana, wana hasira na hawana mahali pa kuipeleka.

Katikati ya njia mtu akasema kwa sauti kwamba humu ndani yumo mmoja anayevuka kila wiki na kurudi mzima, na tujiulize anawauza nani huko. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Mwingine akauliza ni yupi. Mwingine akajibu, muulizeni huyo wa filimbi, wa Congo. Kisha sauti moja ikasema atoke. Zikawa sauti tatu. Zikawa kumi. Atoke, atoke, atoke. Kwanza ilikuwa fujo tupu, halafu ikakaa kwenye pigo langu.

Na mimi nilifanya kile nilichokuwa ninafundisha. Sikufikiri. Niliongeza nguvu kidogo, vile tunavyomwongezea mwimbaji mpya asipotee.

Kambale alikuwa bado anapuliza, Biira. Hili ndilo linaloniamsha alfajiri. Nadhani alifikiri watu wamebuni kiitikio cha kumlilia marehemu, kwa hiyo akaweka sauti yake ndani yake, mahali pake, safi kabisa, mara nne au tano. Alikuwa anawapigia wimbo wa kumuua yeye mwenyewe, na mimi niliyekuwa ninaelewa nilimwacha apulize. Kisha akaona macho ya watu. Walipomshika hakujaribu kukimbia. Alinitazama mimi.

"Bwambale, baambie. We unajua kwenye niko naendaka."

Nilisikia. Asije mtu akakuambia kwamba kelele zilikuwa nyingi, mzee hakusikia. Nilisikia neno kwa neno, na mkono wangu ukaendelea.

Nimejitafutia sababu miaka yote hii. Ile ninayoipenda zaidi ni woga, kwa sababu watu wanausamehe. Ni kweli niliogopa, yeyote aliyefungua mdomo siku ile angewekwa pale pale pamoja na Kambale. Lakini mwoga anapiga ngoma vibaya. Mimi sikupiga vibaya. Nilipiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Miguu ya watu wale wote, mikono yao, fimbo, mawe, kila kitu kilikuwa kinaangukia kwenye pigo langu, na ndani yake kulikuwa na utamu. Neno hilo nimeliandika, nimelikata, nimeliandika tena. Utamu. Sikuwa Bwambale, sikuwa na madeni wala ujane, nilikuwa kitu kikubwa chenye mikono mingi. Nakuambia hili kwa sababu watu watakuonya kuhusu chuki, na chuki ningeitambua, ningeikimbia. Hakuna aliyewahi kunionya kuhusu ule utamu.

Aliyeizima ngoma alikuwa mama wa yule kijana tuliyekuwa tunamzika. Sijui alipitaje katikati ya wanaume wale. Alikuja mpaka kwangu, akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma, akakiacha pale. Kijiti changu kikagonga vidole vyake mara moja, hakuviondoa.

"Hii ngoma iko ya mutoto yangu," aliniambia. "Haiko ya hii kitu."

Ngoma ilipokufa nilisikia kitu ambacho sitaki ukisikie. Fimbo moja. Nyingine imechelewa. Jiwe moja peke yake. Halafu hakuna. Kila mtu alikuwa amebaki na mkono wake mwenyewe, na wakaanza kuangalia walichoshika. Mwanaume mmoja aliweka tofali chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Wakaondoka mmoja mmoja, hawaangaliani, hata jeneza walilisahau njiani. Kambale alikuwa ameshakata roho.

Nimepiga hesabu hii kichwani kila siku, nikilima, nikila. Kama kiganja cha mama mmoja mwenye msiba kilitosha kuzima watu wale wote, basi mkono wangu ungetosha pia, na ungetosha mapema zaidi. Sikuhitaji ushujaa wa kumrukia mtu. Nilihitaji kushusha mikono.

Askari walifika jua limeshapoa. Afande akauliza nani alianza. Tukamjibu hakuna, afande, tulikuwa wengi. Akanigeukia, akasema wewe wa ngoma ulikuwa mbele, ulikuwa unaona wote. Nikamwambia mimi nikipiga ninafumba macho. Akaandika. Na kweli hakuna aliyeanza, ningeapa hata leo. Lile jibu nililokupa wewe kwa majivuno pale kinamasini, nilimpa afande nikajifichia ndani yake.

Tulimbeba Kambale, mimi na wapuliza filimbi wawili, mpaka kwake. Mkewe alikuwa kitandani na malaria, hakuwa amekwenda mazishini. Alitoka amejifunga kitenge, akaona damu kwenye shati langu, akaelewa alivyoelewa. Alinishika mikono yote miwili. "Asante Baba Biira. Bengine balikimbia, weye ulimurudisha." Pale ndipo mahali pa kusema. Midomo yangu ilikuwa imefunguka kabisa. Nikamwambia, pole mama.

Baada ya mwezi akahamia Kasese, Nyamwamba, akaanza kuuza chumvi. Na kila Krismasi, unajua, anatuma kifuko cha chumvi kwa dereva wa teksi, salamu kwa Baba Biira. Mwaka wa kwanza nilikifuata jikoni ili nikitupe chooni, nikakuta wewe umeshatia chumvi yake kwenye maharage na umenipakulia. Nikala. Nimekula chumvi hiyo miaka sita, nawe umekula, na kila mara ukasema Mama Kavira hatusahau.

Na bega. Nilikuambia nimeacha ngoma kwa sababu ya bega. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ukaanza kunipaka dawa kila jioni baada ya kuosha vyombo, unakandakanda na vidole vyako vidogo, unauliza kama panauma hapa au hapa. Bega langu ni zima, mwanangu. Limekuwa zima siku zote. Nilikuacha uuguze uongo wangu kwa miaka, na nadhani ndipo ulipoanza kutaka kuwa muuguzi, kwa hiyo hata hicho nimekiharibu.

Sikuambii ujitenge na watu. Nilijaribu, haisaidii, mtu aliyejitenga anakuwa mkavu tu. Utaimba na wenzako, utacheka kwa sababu wamecheka, na ni raha mojawapo ya kuwa hai. Lakini kuna siku utaingia wadi ambako muuguzi mmoja ameanza kumkaripia mama mjamzito, na baada ya wiki wote wanakaripia, kwa sauti ile ile, na hakuna anayejua nani alianza. Utaona mdomo wako umeshafunguka. Siku hiyo usimtafute mwanzilishi. Nilirudi kule kinamasini mwaka jana, peke yangu, nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukuonyesha. Ukikanyaga majani, chura aliye karibu na mguu wako ananyamaza. Halafu jirani yake. Halafu jirani wa jirani, mpaka bonde lote limekuwa kimya, na wewe umesogeza mguu tu. Kunyamaza nako kunapitia kwa jirani. Nilikaa pale nikalia, mzee mzima.

Sasa la kesho, na hili ni la kufanya.

Wiki nzima nimekuangalia ukipanga nguo, ukimpigia Kavira simu, mnacheka, mnagawana kitanda kabla hujafika. Nilitaka nikuache uende hivyo hivyo. Ungekaa miaka yako mitatu, ungerudi na cheti, nami ningekufa na jambo langu. Kisha juzi Mama Kavira akaongea nami kwenye simu yako, akasema nisiwe na wasiwasi, mtoto wa mtu aliyemrudisha mume wake ni mtoto wake. Nikakurudishia simu haraka haraka, uliniuliza kwa nini nimetoka nje.

Siwezi kukutuma wewe ukaseme. Barua hii si ya kumpelekea, ni yako, usiibebe mpaka pale. Wala siwezi kukuacha uingie mlango ule ukiwa mgeni wa uongo. Utakaposhika karatasi hii asubuhi nitakuwa sipo ndani. Nimeongea na dereva wa gari la kwanza, linaondoka Bwera kabla ya alfajiri. Nitafika Nyamwamba Mama Kavira akiwa anafungua kibanda chake, nami nitamwambia nikiwa nimesimama, Kavira akiwepo, maneno haya haya niliyokuandikia, na lile neno la utamu pia. Akitaka kuita watu, aite. Akitaka kunipeleka kwa afande, nitatangulia mimi.

Wewe panda gari la saa nne, usiwahi. Shangazi yako Mbambu anakuja kukusindikiza, nimemwambia kwamba nina kazi Kasese, hajui zaidi ya hapo. Ana mtu wake karibu na chuo mwenye chumba, na nimemwomba kisiguswe mpaka jioni, kwa hiyo hutalala nje.

Ukifika Nyamwamba bisha hodi. Wakifungua, ingia, kaa pale watakapokuambia ukae, na usiniombee msamaha. Wasipofungua, nawe unasikia kwamba wamo ndani, chukua sanduku lako uondoke. Usibishe mara ya pili.

Baba yako,
Bwambale